Maswali ya Wasomaji: Kaunta ya Marumaru Jikoni

Barua zilizofika mezani kwangu safari hii karibu zote zinahusu jiwe moja. Nimezipanga ili wanaokusudia kununua watangulie, na wale ambao kaunta zao zimekwisha kuwekwa wafuate. Jambo moja nalitaja mapema, kwa kuwa mazoea ya lugha hutuchanganya: wengi wetu huita marumaru hata vile vigae vya sakafuni vinavyotengenezwa kiwandani kwa udongo wa kuchomwa. Hapa ninapotaja marumaru ninakusudia jiwe la asili, lililochimbwa mlimani na kukatwa mabamba.

SWALI: Ninamalizia ujenzi wa jiko. Fundi ananiambia kwamba marumaru na granaiti ni mawe ya jamii moja, tofauti ni rangi tu, na kwamba nichague nitakalolipenda kwa macho. Je, ni kweli? Na nikisimama mbele ya bamba nitajuaje ni jiwe lipi?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, na tofauti yenyewe si ndogo. Marumaru ilianza ikiwa jiwe la chokaa, ambalo kwa sehemu kubwa hutokana na magamba na mabaki ya viumbe wa baharini; likafukiwa chini sana, joto na mgandamizo vikalipika upya hadi chembe zake zikawa fuwele zilizoshikamana. Sura yake ilibadilika kabisa, lakini kikemia lilibaki kuwa kitu kilekile, yaani kalsiamu kabonati. Granaiti ilitokana na ujiuji wa moto uliopoa polepole chini ya ardhi, na sehemu yake kubwa ni madini ya felispa na kwatzi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, madini ya marumaru yako kwenye 3, felispa kwenye 6 na kwatzi kwenye 7. Kisu cha kawaida cha chuma kiko katikati yao, kwa hiyo kisu kinachoteleza juu ya granaiti bila kuacha kitu huacha mchirizi juu ya marumaru.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Muombe muuzaji kipande kilichobaki baada ya kukata, cha bamba lilelile unalotaka kununua, ukipeleke nyumbani. Kwaruza upande wa chini kwa ncha ya kisu, kisha dondoshea siki mahali ulipokwaruza na usogeze jicho karibu. Ikiwa ni marumaru ya kawaida utaona vipovu vidogo vikipanda, kwa sababu asidi inakula chokaa na kutoa hewa ukaa. Ikiwa ni granaiti, siki itatulia kama maji. Yapo pia mawe ya dolomiti, ambayo yanafanana sana na marumaru nyeupe lakini yanaliwa polepole zaidi, na yapo mawe ya kwatzaiti, yaliyojaa kwatzi, ambayo utayakuta dukani yakiitwa marumaru ngumu. Mimi huamini kipande na tone la siki kuliko karatasi iliyobandikwa kwenye bamba.

Uchague lipi? Ikiwa unataka kaunta ambayo baada ya miaka kumi itafanana na siku ilipowekwa, na wapishi wa nyumba yako hawana muda wa kufuta kila tone papo hapo, chukua granaiti bila majuto. Ikiwa moyo wako uko kwenye marumaru, ichukue ukijua kwamba umeweka chokaa jikoni. Chagua basi uso uliosuguliwa ukawa laini bila kung’arishwa kama kioo. Asidi huondoa mng’aro, na pasipo na mng’aro alama zake huonekana kwa shida. Uso wa namna hiyo hunywa vimiminika kwa wepesi zaidi kidogo, lakini kwa maoni yangu hiyo ni hasara inayostahimilika.

SWALI: Nimeonyeshwa kipande cha marumaru ya Carrara chenye ukubwa wa kiganja na kuambiwa nilipe kianzio. Je, kipande kinatosha kuamua? Na je, unene wa sentimita 2 unafaa au nidai 3?

JIBU: Hakitoshi. Carrara ni mji wa Tuscany, Italia, na milima iliyo juu yake imechimbwa tangu enzi za Warumi. Ndiko lilikotoka jiwe alilochongea Michelangelo sanamu ya Daudi aliyoikamilisha mwaka 1504. Jina ni la kweli, lakini mlima hautoi mabamba yanayofanana. Moja huwa na ukungu wa kijivu uliotulia, jingine lina mshipa mweusi unaokatiza upande mmoja mpaka mwingine, na mshipa huo unaweza kuangukia pale hasa usipoutaka. Nenda uone bamba lako mwenyewe likiwa limesimama, lipige picha, uandikishe namba yake kwenye risiti, kisha kabla ya kukata mwambie fundi akuchoree kwa chaki sinki litakaa wapi na maungio yatapita wapi.

Ukiwa hapo omba ndoo ya maji na kitambaa. Lowesha bamba lote, halafu subiri likauke ukiwa unatazama. Uso hukauka kwanza na kurudia weupe wake, lakini penye ufa maji hubaki ndani, na kwa dakika chache utaona mstari mwembamba mweusi ambao haukuonekana jiwe lilipokuwa kavu. Nimewahi kusimama mbele ya bamba zuri mno, jeupe lenye mishipa ya dhahabu, na baada ya maji kukauka ukabaki mstari mmoja kama uzi ukipita mahali ambapo sinki lilitakiwa kukatwa. Nyufa nyingine ni za asili na hazina madhara, na nyingine zimejazwa gundi kiwandani, jambo ambalo si ulaghai. Ufa unaopita kwenye kona ya tundu la sinki au la jiko, hata hivyo, ni wa kukataliwa. Hapo ukanda wa jiwe huwa mwembamba, na ndipo kaunta nyingi hukatikia, mara nyingi wakati wa kubebwa.

Kuhusu unene, sentimita 3 ni salama zaidi na huhitaji tegemeo pungufu. Ujue tu kwamba mita moja ya mraba ya unene huo ina uzito wa kilo 80 hivi, wakati ile ya sentimita 2 ina kilo 54 hivi, kwa hiyo makabati yawe imara na yamepimwa kwa pimamaji kabla jiwe halijafika. Ukichagua 2, weka ubao mgumu chini yake pande zote.

SWALI: Kaunta yetu nyeupe ilipakwa dawa ya kuziba siku ilipowekwa. Hata hivyo imejaa mabaka ya mviringo palipokaa bilauri za maji ya matunda. Mama mkwe alinifundisha kusafisha kwa siki na limau, nami nafanya hivyo kila jioni, lakini mabaka yanazidi. Je, dawa ilikuwa bandia?

JIBU: Dada yangu, dawa huenda haina kosa lolote, na mama mkwe pia alikufundisha njia njema kwa vyombo vingine. Tatizo ni kwamba kila jioni unaiongezea kaunta kilekile kilichoiumiza. Naomba barua hii isomwe kwa makini na wote, kwa sababu makosa mengi ninayoyaona yanatokana na kutotofautisha mambo mawili.

Jambo la kwanza ni doa. Doa ni rangi au mafuta yaliyopenya kwenye vinyweleo vya jiwe na kukaa ndani, na huwa jeusi au lenye rangi kuliko jiwe linalolizunguka. Jambo la pili ni alama ya kuliwa. Hapo hakuna kilichoingia, kuna kilichoondoka. Asidi ya limau, siki, nyanya, mvinyo au soda imeyeyusha utando mwembamba wa juu wa jiwe, na pale palipokuwa na mng’aro pamebaki pamefifia. Dawa ya kuziba huingia kwenye vinyweleo na kupunguza kasi ya unywaji, kwa hiyo husaidia dhidi ya doa. Dhidi ya kuliwa haisaidii, kwa kuwa uso wenyewe wa jiwe bado uko wazi kuguswa na asidi.

Ili ujue unacho kipi, inama mpaka jicho lako likaribie usawa wa kaunta, ukitazama kuelekea dirishani. Alama ya kuliwa huonekana kama mahali palipopumuliwa kwenye kioo, kisha ukipitisha ukucha unahisi ukwaru kidogo. Doa halibadiliki uangalie kutoka upande gani. Kwangu mwenyewe niliwahi kuacha nusu ya limau imelala kifudifudi usiku kucha. Asubuhi nilipoiinua niliona duara kamili, na ndani yake hata mistari ya vitenga vya tunda ilikuwa imejichora kwenye jiwe. Nililifuta mara tatu kwa sabuni kabla ya kukubali kwamba hapakuwa na kitu cha kufuta.

Kuanzia leo safisha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo isiyo kali kiasi kidogo, na kitambaa laini. Kisha suuza na ukaushe, maana sabuni inayobaki hujenga utando. Usitumie siki, ndimu, dawa za kuondoa utando wa chokaa bafuni, wala unga wa kusugulia sufuria. Vibao vya kukatia viwe na mahali pake pa kudumu, na bilauri ziwe na vikalio.

SWALI: Kuna doa jeusi karibu na chupa ya mafuta ya kupikia, limekaa miezi kadhaa. Je, lisuguliwe?

JIBU: Kusugua hakutalifikia. Mafuta yako ndani, nayo hutolewa kwa kunyonywa. Changanya magadi ya kuokea na asetoni mpaka upate uji mzito usiotiririka, ukiwa umefungua madirisha na umezima moto wote, kwa sababu asetoni hushika moto upesi sana. Upake juu ya doa kwa unene wa nusu sentimita ukivuka kidogo kingo zake, funika kwa karatasi ya plastiki, bandika kingo kwa utepe, na uache kwa saa 24. Kisha ondoa plastiki na uache uji ukauke wenyewe. Usikatishe hatua hii ya kukauka, kwa maana ndipo mafuta yanapovutwa kutoka jiweni kuingia kwenye unga. Kwangua kwa kipande cha plastiki, suuza, na utazame. Doa la miezi kadhaa huhitaji kurudiwa mara mbili au tatu, kila mara likipungua.

Kwa madoa ya kahawa, chai au matunda, badala ya asetoni tumia haidrojeni peroksaidi inayouzwa duka la dawa. Lakini kwenye jiwe jeusi jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa kuwa inaweza kupausha.

SWALI: Dawa ya kuziba ipakwe kila baada ya muda gani?

JIBU: Jiwe lenyewe litakuambia. Mwaga kijiko cha maji karibu na sinki, subiri dakika 15, ufute. Kama mahali pale pamekuwa peusi, jiwe linakunywa na wakati umefika. Kama pamebaki vilevile, usipake. Unapopaka, futa kabisa ziada yote kabla haijakauka, la sivyo utabaki na ukungu unaonata ambao ni taabu kuuondoa.

SWALI: Je, naweza kuweka sufuria ya moto moja kwa moja?

JIBU: Marumaru haiungui, lakini joto la ghafla mahali pamoja linaweza kuipasua, hasa karibu na tundu la jiko. Tumia kikalio.

SWALI: Kaunta ya nyumba tuliyonunua imefifia yote, ina mikwaruzo na alama za miaka mingi. Je, tuing’oe?

JIBU: Msiing’oe. Marumaru ni jiwe moja tangu juu hadi chini, kwa hiyo ukiondoa sehemu ndogo sana ya uso unakuta jiwe lilelile likiwa jipya. Alama mbili tatu za kuliwa kwenye uso unaong’aa mnaweza kuzirekebisha wenyewe kwa unga wa kung’arishia marumaru, mkisugua kwa kitambaa chenye unyevu kwa mizunguko hadi mng’aro urudi. Kaunta nzima ni kazi ya fundi mwenye mashine ya maji na diski za almasi, ambaye huanza na diski yenye chembe kubwa na kushuka hatua kwa hatua hadi iliyo laini kabisa.

Kabla hajaanza mwambieni mnataka aishie wapi. Namba ya diski ikipanda, chembe zake huwa ndogo zaidi. Akiishia kwenye diski ya namba 400 hivi, uso utakuwa laini usiong’aa. Akiendelea hadi 3000 utang’aa. Kwa nyumba yenye watoto na mapishi ya kila siku, mimi ningemsimamisha kwenye 400. Na aanze kwanza kwenye kona iliyo nyuma ya birika, mkague kwa mwanga wa dirisha, ndipo aendelee na sehemu iliyobaki.