Maswali na Majibu: Kingamwili Haifufui Nyama Iliyoharibika

Makambako: Fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama ya mgonjwa) ikiisha, tunaweza kuweka uvimbe wa ngozi kwenye spiriti hadi gari la kupeleka sampuli Mbeya lipatikane?

Hapana, na swali hili limeshajibiwa hapa mara nyingi. Spiriti hukausha nyama na kugandisha protini kwa namna nyingine, wakati vipimo vya kingamwili (protini zinazonasa alama fulani za seli, zikaonekana kwa rangi) vimepangwa kwa nyama ya fomalini. Jibu "hasi" linaweza kuwa la spiriti, si la mgonjwa. Maji ya dripu ni mabaya zaidi: humo nyama inaendelea kuoza. Changanyeni mapema: mililita 100 za fomalini ya dukani, 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za fosfeti ya sodiamu ya monobasi na 6.5 za dibasi. Dawa iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama, kwenye chombo cha mdomo mpana, saa 6 hadi 48. Uvimbe uliosokomezwa kwenye kichupa cha sindano huiva nje, katikati ukabaki mbichi.

Iringa: Tunachemsha slaidi kwenye bafa ya sitireti dakika 20 ili kingamwili zinase, lakini Ki-67 (alama ya seli zinazogawanyika) inatoka hafifu.

Mko juu mlimani. Kwenye mita 1,600 maji huchemka chini ya nyuzi 95, na sufuria ya wazi haivuki hapo hata mkiongeza moto. Tumieni sufuria ya presha, kisha acheni slaidi zipoe ndani ya bafa dakika 20. Pimeni pH kwa mita, na ikiwa si 6.0, tengenezeni upya. Zikibaki hafifu, jaribuni bafa ya Trisi-EDTA ya pH 9. Na kila slaidi iwe na kipande cha tonsili pembeni. Bila hicho, mtajuaje kama kipimo kimefanya kazi?

Vwawa: Doa jeusi la wayoni: kingamwili ya S100 ikiwa chanya, ni melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi)?

La. S100 na mwenzake SOX10 zinasema seli zinaweza kuwa za ukoo wa melanini (rangi ya ngozi), basi. Nevasi (baka la kawaida la ngozi) isiyo na madhara nayo huwaka, yaani hushika rangi, vilevile, na kumkata mtu mguu kwa S100 peke yake ni kosa lisilosameheka. Anzeni na rangi za kawaida za hematoksilini na eosini, ndipo mtazame mpangilio wa kingamwili nyingine: katika nevasi HMB-45 hufifia kadiri seli zinavyoshuka chini, p16 hubaki, Ki-67 kwa kawaida haifiki asilimia 5. Melanoma nyingi hupoteza mpangilio huo, na PRAME huwaka kwenye viini karibu vyote. Melanoma ya aina yenye nyuzinyuzi nyingi huweza kukosa HMB-45 na Melan-A (alama nyingine ya seli za rangi) kabisa. Hapo SOX10 ndiyo tegemeo.

Kuonyesha kingamwili, tumieni rangi nyekundu, si DAB ambayo ni ya kahawia: kahawia juu ya melanini inadanganya. Na msikwangue. Toeni unene wote wa ngozi, kwa kuwa kina hupimwa kwa milimita. Kwa watu weusi melanoma hupenda wayo, kiganja na chini ya kucha. Doa linalokua lisitibiwe miezi kama jeraha la mwiba.

Chunya: Kingamwili ya BerEP4 inasaidia nini?

Saratani ya seli za msingi huwa chanya, ya seli bapa hasi. Kingamwili ya EMA hugeuza: hasi kwa ya kwanza, chanya kwa ya pili. Lakini mgonjwa mwenye ualbino mwenye kidonda kinachokua asisubirishwe kingamwili. Akatwe mapema.

Njombe: Kaposi (saratani ya mishipa ya damu) au kinyama cha damu cha kawaida?

Agizeni kingamwili ya HHV-8, kirusi cha Kaposi. Kaposi huonyesha vitone kwenye viini, kinyama cha damu hakionyeshi. CD31 na CD34 (alama za mishipa ya damu) msizilipie kwa swali hili, maana huwaka kwa vyote viwili.