Tangazo la kocha wa mazoezi: andika mahali, saa na bei

Soma tangazo hili. Sura yake utaikuta kwenye milango ya maduka kuanzia Tudor hadi Bamburi:

"BADILISHA MAISHA YAKO LEO! Mazoezi ya kisasa. Kocha mwenye uzoefu. Huduma bora, bei nafuu. Karibuni nyote, piga simu."

Sasa toa neno "mazoezi" uweke "udereva", na "kocha" uweke "mwalimu". Tangazo linasimama vile vile. Karatasi inayoweza kuuza udereva na mazoezi kwa maneno yale yale haiuzi chochote.

Mtu wa Mombasa hangojei karatasi imwambie kwamba mazoezi ni mazuri. Daktari alishamwambia, na suruali yake imemwambia pia. Kinachomweka nyumbani ni maswali madogo asiyokuwa na wa kumuuliza: ni wapi hasa? Saa ngapi? Nitaonwa na nani? Nitatoa ngapi? Na nikichoka kabla ya wenzangu je? Kocha aliyeajiriwa jimu ana mapokezi ya kujibu hayo. Wewe unayejitegemea huna mapokezi, kwa hiyo karatasi ndiyo iwe mapokezi yako.

Linganisha na hili:

"Mgongo umekaza kwa kukaa ofisini?
Mazoezi ya dakika 45 kwa wanaoanza kabisa.
Bustani ya Mama Ngina, chini ya mibuyu.
Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 12:00 hadi 12:45 asubuhi.
Watu 8, hatuzidi hapo. Kila mtu kwa kasi yake.
Sh 3,000 kwa mwezi, vipindi 12. Kipindi cha kwanza bure.
Tuma neno MIBUYU kwa WhatsApp."

Halafu nambari. Bei hapo ni ya mfano, weka yako. Jambo la kuangalia ni kwamba kila mstari umejibu swali moja, na hakuna mstari unaojisifu. "Watu 8" imemwambia msomaji kwamba hatapotea kwenye umati. "Kila mtu kwa kasi yake" imeondoa aibu. "Hadi 12:45" imemwambia ataoga na kufika kazini saa 2. Watu wengi huandika saa ya kuanza wakasahau ya kumaliza, na mwenye kazi huamua kwa hiyo ya kumaliza. (Ukitumia bustani ya umma au ufukwe kwa biashara, ulizia ruhusa kabla ya kuchapisha. Kufukuzwa mbele ya wateja wanane kunauma kuliko ada.)

Tuseme kuhusu saa, kwa sababu hapa ndipo matangazo mengi ya pwani huharibika. Kocha huandika "saa 6 asubuhi" akimaanisha sita ya Kizungu. Msomaji wa Kiswahili anasoma saa sita, adhuhuri, jua la utosi, na anakuona huna akili timamu. Ukiandika Kiswahili, hesabu Kiswahili: saa 12 asubuhi, saa 11 jioni. Na usiandike "saa 12" peke yake, maana kuna mbili. Kama karatasi ina lugha mbili, kila lugha iwe na hesabu yake kwenye mstari wake.

Kipindi cha jioni nacho kina mtego wake. Jua la Mombasa huzama kati ya saa 12:10 na 12:45 mwaka mzima, kwa hiyo darasa la saa 12 hadi saa 1 jioni linakatwa katikati na swala ya Magharibi. Umeifungia nje sehemu kubwa ya mji bila kujua, na hakuna atakayekupigia kukueleza. Anza saa 10:45 umalize saa 11:45, au anza saa 1:15 usiku. Ramadhani ikikaribia usifute darasa. Andika karatasi nyingine yenye kipindi cha baada ya tarawehe, na uitoe wiki mbili kabla ya mwezi kuandama.

Wanaotangaza mazoezi ya ufukweni wana tatizo lao la pekee. Ukiandika "kila Jumamosi saa 12 asubuhi, Nyali", umeahidi kitu ambacho bahari haikukubali. Maji kujaa na kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Zidisha kwa siku saba: unapata karibu saa sita, ambazo ndizo tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa. Yaani Jumamosi hii mnakimbia kwenye mchanga mgumu, Jumamosi ijayo saa ile ile mmebanwa ukutani, na siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi, hata hapo pa kusimama hakuna. Andika "Jumamosi asubuhi, saa hufuata maji, ratiba hutumwa Alhamisi". Mteja ataona unaijua bahari, na utakuwa na sababu ya kumtumia ujumbe kila wiki bila kuonekana msumbufu.

Ahadi

"Punguza kilo 10 kwa siku 14." Fanya hesabu mwenyewe. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni takribani kalori 7,700. Kilo 10 ni kalori 77,000. Gawanya kwa siku 14: kalori 5,500 za kupungukiwa kila siku, ambazo ni zaidi ya anazotumia mtu wa kawaida kwa siku nzima, hata asipokula kitu. Mteja mwenye kusoma atakucheka; asiyejua atakuja, atakuchoka wiki ya tatu, na atawasimulia wenzake barazani. Isitoshe, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu huduma unayouza.

Ukweli nao unauzika ukiandikwa kwa kipimo. Vipindi vitatu vya dakika 45 ni dakika 135 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Basi andika: "Dakika 135 pamoja nasi, robo saa ya kutembea haraka peke yako, umetimiza wiki." Hiyo ni ahadi unayoweza kuitekeleza.

Kuhusu "kitambi": neno lina mvuto, na watu hulitumia wenyewe kujitania. Lakini kujitania ni tofauti na kutaniwa na karatasi ya mtu usiyemjua. "Je, wewe ni mnene?" humfanya msomaji ageuke aone kama kuna aliyemwona akisoma. Ukilipia tangazo Facebook au Instagram, maneno ya namna hiyo yanaweza kukataliwa moja kwa moja, kwa kuwa kanuni zao haziruhusu tangazo kumnyooshea msomaji kidole kuhusu mwili wake. Taja shida kwa kiungo au kwa kazi: mgongo, magoti, ngazi za fleti ghorofa ya nne.

Kwa wanawake wa Mji wa Kale, Kibokoni, Majengo na kwingineko, mstari mmoja unaweza kuwa ndio tangazo zima: "Wanawake pekee. Ukumbi wa ndani, mlango hufungwa. Kocha ni mwanamke. Hakuna simu, hakuna picha." Kila sentensi hapo lazima iwe kweli. Kama kocha ni mwanamume, usiandike "mazingira ya heshima" ukitumaini itatosha. Tafuta mwenzako wa kike mgawane mapato, au liache soko hilo.

Karatasi yenyewe

Chapisha 200 kwanza. Mchapishaji atakwambia 1,000 zinakuja rahisi zaidi kwa moja, na ni kweli, ila toleo la kwanza huwa na kosa: nambari imekosewa tarakimu, siku imesahauliwa, au bei uliyoweka utaibadilisha mwezi ujao. Kabla ya kuruhusu uchapaji, chukua nakala ya majaribio, shika simu, na upige nambari ukiisoma kutoka kwenye karatasi, si kutoka kichwani. Kichwa chako kinaijua nambari hata ikiandikwa vibaya.

Ukubwa wa A5 unatosha: nusu ya A4, unaingia mfukoni ukikunjwa mara moja. Karatasi ya gramu 130 haijikunji kwa unyevu wa hapa kama ile nyembamba ya fotokopi. Omba uchapaji wa leza. Wino wa printa ya kawaida hutiririka tone la kwanza la masika. Maandishi ya ndani yasiwe chini ya pointi 11, na nambari ya simu iwe kubwa kuliko jina lako. Najua inauma.

Kwa bango la A3 la mlangoni, hesabu umbali. Mtu akisimama mita 3, herufi za kichwa ziwe kama sentimita 2.5 kwenda juu. Nyeusi juu ya njano au nyeupe husomeka. Nyekundu juu ya buluu hucheza machoni. Picha ya misuli iliyotolewa mtandaoni iache. Anayeanza akiona tumbo la vipande sita anajua hapa si pake.

Vipande vya kuchana chini ya bango bado vinafanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Weka kumi, uvikate kwa mkasi kabla ya kubandika, na uchane viwili mwenyewe, maana hakuna anayependa kuwa wa kwanza. Kila kipande kiwe na maneno, "Mazoezi Tudor, asubuhi", pamoja na nambari. Nambari tupu inayookotwa mfukoni siku tatu baadaye haina mwenyewe.

Pa kubandika: duka la dawa, kinyozi, saluni, wakala wa M-Pesa, duka la chini ya fleti. Wanaongoja foleni ndio wanaosoma. Omba ruhusa kwa mwenye duka, na kwenye fleti zungumza na askari wa getini kabla ya mtu yeyote. Yeye ndiye atakayeiacha karatasi au kuibandua. Nguzo za umeme na kuta za barabarani ziache: bango la nje linataka kibali cha kaunti, nawe hutaki jina lako na nambari yako viwe ushahidi.

Kila mahali pape neno lake. MIBUYU kwa karatasi za Kizingo, NGAZI kwa fleti za Nyali, DAWA kwa duka la dawa. Ujumbe ukiingia unajua ulikotoka. Tuseme karatasi 200 zimekugharimu shilingi 3,000 na zimeleta jumbe 9, watu 4 wakaja kujaribu, 2 wakalipa. Kila mteja amekugharimu 1,500, nusu ya ada ya mwezi wa kwanza. Akikaa miezi mitatu umefanya biashara nzuri. Lakini kama wote wawili walituma DAWA, basi saluni na geti zimekula karatasi bure, na toleo lijalo unajua liende wapi. Bila maneno haya utabaki kusema "matangazo hayalipi" bila kujua ni lipi lililokuwa halilipi.

Ujumbe unapoingia

Hapa ndipo kazi yote inapomwagika. Mtu ametuma MIBUYU saa 3 usiku, wewe unamjibu kesho mchana kwa "Karibu". Ashapoa. Weka jibu la haraka kwenye WhatsApp Business, tayari kubonyezwa:

"Asante kwa kuandika. Darasa la mibuyu lina nafasi 3. Kipindi cha kujaribu ni Jumatano saa 12:00 asubuhi. Njoo na maji na viatu vya kukimbilia. Je, una presha, sukari, ujauzito au jeraha ambalo nafaa kulijua? Nihifadhi kwa jina Kocha Mibuyu."

Swali la afya si la mapambo. Akijibu ndiyo, mwombe amwone daktari kwanza kabla hajaruka hata mara moja. Na ule mstari wa mwisho una sababu yake: orodha ya kutuma kwa wengi kwenye WhatsApp humfikia tu aliyehifadhi nambari yako. Ukituma kwa watu 200 na 150 hawajakuhifadhi, umezungumza na 50. Stetasi nazo hupotea baada ya saa 24, kwa hiyo tangazo la darasa jipya liweke asubuhi na tena usiku, siku tatu, kisha nyamaza.

Ukitumia SMS, herufi 160 ndizo ujumbe mmoja. Ukitia emoji moja tu, kikomo kinashuka hadi 70 na unatozwa mara mbili au tatu kwa maneno yale yale. Misuli ya njano haina thamani hiyo.

Malipo yaende kwenye till, yaani nambari ya M-Pesa ya biashara, yenye jina la biashara uliloandika kwenye karatasi. Mtu akiona jina la mjomba wako kwenye M-Pesa, moja kwa moja anawaza utapeli.

Picha na ushuhuda wa wateja chukua kwa ridhaa ya maandishi, hata ujumbe mfupi wa "nakubali picha yangu itumike kwenye tangazo". Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, biashara hapa Kenya zimeshatozwa faini kwa kuweka picha za wateja mtandaoni bila idhini. Vivyo hivyo kwa nambari: usiinunue orodha ya simu za watu, wala usimwingize mtu kwenye kundi bila kumuuliza.

Nafasi nane zikijaa, zunguka ubandue. Kama hutaki kubandua, pita na kalamu nene uandike juu: "Limejaa. Tuma neno uwekwe kwenye orodha ya kusubiri." Anayepiga simu mara mbili akaambiwa hakuna nafasi hapigi ya tatu, lakini aliye kwenye orodha atapigiwa na wewe, siku mteja wa nane atakapohamia Mtwapa.