Gasketi ya hedi imeungua kwenye dizeli la zamani: usifunge mpya kabla hujajua ile ya kwanza iliuawa na nini

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari la dizeli la zamani, silinda nne na tabo, blok ni chuma na hedi ni alumini. Lilianza kupunguza maji kidogo kidogo nikawa naongeza tu, juzi likapanda moto mpaka mshale ukagusa nyekundu nikazima. Sasa hata nikiliwasha likiwa limepoa kabisa, baada ya dakika chache mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu na kwenye tenki la akiba yanatoka mapovu. Oili iko safi. Fundi anataka tununue gasketi tu tufunge na bolti zilezile, anasema hedi haina haja ya kupelekwa kwenye mashine. Na kuna jamaa kaniambia nimwage dawa ya kuziba kwenye rejeta. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Usifuate hata moja kati ya hayo mawili. Gasketi ya hedi ni lile bamba jembamba linaloziba kati ya blok na hedi (kifuniko cha juu cha injini) ili moshi, maji na oili visichanganyike.

Mpira kuwa mgumu wakati maji bado hayajapata moto, pamoja na hayo mapovu, maana yake moshi wa silinda unaingia kwenye njia ya maji. Dizeli inawasha mafuta kwa presha peke yake, injini nyingi za zamani zinabana hewa mara 18 mpaka 23 wakati petroli za rika lake zilikuwa kwenye 8 au 9 hivi, kwa hiyo penye upenyo mdogo tu gesi itapita kwa nguvu na kusukuma maji nje. Oili kuwa safi haimaanishi gasketi ni nzima, mana njia ya maji na njia ya oili ni matundu tofauti kwenye gasketi hiyohiyo, inaweza ikafa upande mmoja na mwingine ukabaki salama.

Ila hapo bado hujajua kama ni gasketi au ni hedi yenyewe imepasuka, dalili zinafanana kabisa. Kabla ya kufungua kuna vipimo viwili vya kufanya. Kimoja ni ile dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta au tenki, ikivuta gesi ya mwako inabadilika rangi, kwa petroli inaenda njano na kwa dizeli inaenda kijani. Dizeli ikiwa sailensa (inanguruma tu bila kukanyaga mafuta) inavuta hewa nyingi kuliko mafuta na moshi wake unakuwa mwepesi, kwa hiyo usipime gari likiwa linanguruma tu pale pale, liendeshwe kwanza lifanye kazi kidogo, la sivyo utaambiwa zima kumbe bovu. Cha pili ni kuingiza hewa ya kompresa kwenye silinda mojamoja kupitia tundu la nozeli au hita plagi, pistoni ikiwa juu na valvu zimefunga, halafu unaangalia maji. Yakitoa mapovu ushajua ni silinda namba ngapi, na hiyo namba iandike utaihitaji.

Dawa ya kumwaga achana nayo kabisa. Haiwezi kuzuia presha ya dizeli, itakachofanya ni kuziba vijinjia vya rejeta na vya hita ya ndani, alafu ukija kufunga gasketi mpya gari linapanda moto tena kwa sababu ya hiyo dawa.

Tuje kwenye kufungua. Injini ipoe kabisa, kabisa yaani ukigusa blok iwe baridi, kwa sababu hedi ya alumini ikilegezwa ikiwa na moto inapinda. Bolti zinalegezwa kidogo kidogo kuanzia za pembeni kwenda katikati. Hedi ikitoka msikimbilie kuosha! Gasketi ya zamani ndiyo ushahidi wenu, itazame kwenye ile silinda uliyoandika namba yake, utaona mstari mweusi umekatiza ile pete ya chuma kwenda kwenye tundu la maji. Angalia na vichwa vya pistoni, ukikuta kimoja kimesafishika kinang'aa wakati vingine vina masizi ujue kilikuwa kinaoshwa na mvuke. Kama gasketi haina alama yoyote ya kuungua, hapo hedi ndiyo inashukiwa, na kufunga gasketi mpya juu yake ni kazi bure.

Hedi ipelekwe kwenye mashine, hilo halina mjadala kwa gari lililogusa nyekundu. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha blok, ikizidi moto inataka kutanuka na bolti zimeishika, matokeo yake inapinda. Inapimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia uwazi), kwa urefu, kwa upana na kwa pembe zote mbili, na uso wa blok nao upimwe hivyohivyo. Injini nyingi ukomo wake uko kwenye 0.1 mm au chini ya hapo, kitu ambacho jicho halikioni. Pia ipimwe nyufa kwa presha. Nyufa nyembamba katikati ya viti vya valvu ni kawaida kwa dizeli za zamani na baadhi ya watengenezaji wanaziruhusu mpaka 0.5 mm, lakini ufa uliofika kwenye njia ya maji hauna huruma.

Na kuskimu, yaani kukwangua uso wa hedi kwa mashine unyooke, usikubali kirahisi, hapa watu wengi wanaharibu hedi nzuri. Kwenye dizeli pistoni inafika juu kabisa karibu na valvu, ukipunguza uso wa hedi valvu zinasogea karibu zaidi, na zile zenye chemba ndogo za mwako ndani ya hedi vipimo vya hizo chemba navyo vinaharibika. Kuna injini ambazo mtengenezaji amekataza kuskimu kabisa, dizeli za Volkswagen za miaka ya 1990 ni mfano, hedi ikipinda inabadilishwa. Zingine zinaruhusu mpaka urefu fulani wa chini wa hedi. Kwa hiyo muulize fundi mashine kipimo cha kitabu cha injini yako kabla hajagusa kitu.

Sasa unene wa gasketi. Dizeli nyingi za zamani zina gasketi za unene tofauti kwa injini ileile, na tofauti unaijua kwa matundu au mikato iliyopo pembeni, moja, mbili au tatu. Unene unachaguliwa kwa kupima pistoni inatokeza kiasi gani juu ya uso wa blok ikiwa juu kabisa, inapimwa kwa geji ya mshale, pistoni zote, na unafuata ile iliyotokeza zaidi. Kama hamjagusa pistoni wala uso wa blok basi nunua yenye alama sawa na iliyotoka. Muuza spea akikwambia "zote moja tu" ondoka dukani. Ikiwa nyembamba mno pistoni inagonga, ikiwa nene mno kompresheni inashuka na asubuhi gari linagoma kuwaka na moshi juu.

Bolti mpya. Bolti nyingi za hedi za injini hizi zimetengenezwa zivutike zinapobanwa, na ikishavutika mara moja haishiki tena ipasavyo, utabana vizuri na gasketi itaungua tena. Zinabanwa kwa hatua kuanzia katikati kwenda pembeni kwa toki renchi (renchi inayopima nguvu ya kubana) na baadaye kwa digrii, yaani kuzungusha bolti kwa pembe iliyotajwa. Kwa dizeli za Volkswagen za 1.9 TDI za hiyo miaka ya 1990 kwa mfano ni 40 Nm, kisha 60, kisha robo mzunguko, kisha robo nyingine, lakini usichukue namba hizi ukabania injini nyingine, kila moja na yake. Matundu ya bolti kwenye blok yakaushwe vizuri mana maji au oili ikibaki chini, bolti inaibana, haina pa kwenda na blok inapasuka, na kabla ya kupasuka renchi itakudanganya kwamba umefika.

Nyuso zisafishwe kwa kikwangua laini. Zile diski za kusugulia za kwenye drili zinaacha unga unaoingia kwenye oili na kula beringi za injini. Silikoni usiweke kama kitabu hakijasema, na kabla ya kushusha hedi zungusha kranki pistoni zishuke kidogo ili valvu zisigonge. Beliti ya taiming, pampu ya maji na thamostati badilisha hapohapo, umeshafungua huko.

Kingine ambacho fundi wako hajakigusa kabisa ni kwanini lilipanda moto. Rejeta imeziba? Feni inavuta au inazunguka tu kivivu? Thamostati inafunguka? Ulikuwa unajaza maji matupu yaliyoleta kutu? Hilo jibu lipatikane kabla gari halijawashwa, na ukijaza kulanti (maji ya dawa ya rejeta) toa hewa yote, hewa ikibaki kwenye hedi inachemsha hata injini isiyo na tatizo.

SWALI: Fundi, la kwangu halipandi moto ila oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nishushe hedi?

JIBU: Subiri kwanza. Kama ni utando mdogo tu kwenye mfuniko wa oili na gari unaliendesha safari fupifupi, huenda ni unyevu tu. Kama ni oili yote, angalia oili kula (kipoza oili) kabla ya hedi, kwenye dizeli nyingi iko palepale na maji na ikitoboka inachanganya bila gasketi kuwa na tatizo. Ipimwe kwa presha. Na gari usiliendeshe hata kidogo, maji hayalainishi beringi. Ukishatengeneza utabadilisha oili na filta, uendeshe kidogo, ubadilishe tena.

SWALI: Baada ya kufunga hedi nirudi kubana tena bolti?

JIBU: Inategemea injini. Baadhi za zamani sana zinatakiwa kubanwa upya baada ya kilomita 1,000 hivi, kitabu kitasema kama ikiwa ya moto au baridi. Zile zilizobanwa kwa digrii kwa kawaida hazirudiwi. Kwa aina zote, wiki za mwanzo angalia maji kila asubuhi kabla ya kuwasha, na ukigusa mpira wa juu asubuhi injini ikiwa imepoa uwe laini.