Maswali na Majibu: Mbwa, Bwawa na Majira ya Baridi

Swali: Bwawa la kuhifadhia maji tunalozunguka kila Jumapili limeganda, na mbwa wangu anapenda kukimbia juu ya barafu. Je, barafu ikiwa na unene gani ndipo nimruhusu?

Jibu: Swali hili hunifikia kila baridi inapoanza, na kila mara mwulizaji anataka namba. Namba ipo: kwa mtu anayetembea kwa miguu, kiwango kinachotajwa mara nyingi ni sentimita 10 za barafu safi na ngumu. Hata hivyo, namba hiyo haifai kutumiwa bwawani. Maji ya bwawa huchotwa usiku na mchana, kina kikashuka huku barafu ikibaki juu, na chini yake pakawa na uwazi mtupu. Tena, karibu na mnara wa kuchotea na milango ya kutolea maji, mkondo huila barafu kutoka chini bila kuonyesha dalili yoyote juu. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, hata iwe nene kiasi gani. Mfunge mbwa kamba fupi tangu mnapofika kwenye tuta, na usimrushie mpira upande wa maji.

Swali: Akitumbukia, nimfuate?

Jibu: Usimfuate. Imekwisha kutokea mara nyingi kwamba mbwa alijinasua mwenyewe, akazama mwenye mbwa. Waokoaji hufundisha kwamba mtu aliyetumbukia ana dakika 1 hivi ya kuitawala pumzi yake, dakika 10 kabla ya mikono na miguu kukataa kumtii, na takribani saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Kumbuka pia kwamba kingo za bwawa nyingi ni za zege au mawe yaliyopangwa kwa mteremko, na zikishaota utando wa barafu hata mwogeleaji hodari hapati pa kushika. Baki ukingoni, piga simu ya uokoaji, na umwite mbwa aelekee pale alipoingilia.

Swali: Viatu vya mbwa ni lazima?

Jibu: Si lazima. Punguza manyoya kati ya vidole ili theluji isigandamane humo ikawa vidonge vigumu, na mkirudi umwoshe nyayo kwa maji ya uvuguvugu kabla hajalamba chumvi ya barabarani. Ninachokiogopa zaidi ni vidimbwi vya maegesho ya magari. Dawa ya kuzuia maji ya rejeta yasigande huwa na ladha tamu, na kiasi kidogo tu humuua mbwa: kwanza hupepesuka kama mlevi, kisha huonekana amepata nafuu, kumbe figo zinaharibika. Ukimwona akilamba, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Swali: Mbwa wangu ni mpole na hajawahi kumng'ata kondoo. Mbona mwenye malisho ya kando ya bwawa alinifokea?

Jibu: Kwa sababu si lazima ang'ate. Katika miezi hiyo kondoo majike wengi wana mimba, na kukimbizwa tu kunatosha kuwafanya waiharibu, au wasongamane kwenye ua hadi wakanyagane. Bata waliotua majini nao hutumia siku fupi kula na kupumzika, na kila wanaporushwa huteketeza mafuta ambayo usiku watayahitaji. Sijapata barua ya mwenye mbwa mkali. Wote ni wapole, na wote wanatembea bila kamba. Mahali pamoja tu nitakuruhusu uiachie kamba: ng'ombe wakikujia kwa kasi, kwa maana wanamlenga mbwa, naye ana mbio kuliko wewe.

Swali: Kinyesi kilichoganda kinaweza kuachwa?

Jibu: Hapana. Kitayeyuka na kuteremkia kwenye maji ambayo huenda ni ya kunywa, na mayai ya minyoo hayauawi na baridi kirahisi. Kiokote uondoke nacho, na mfuko wenyewe usiutundike kwenye tawi.