Jibu: Niuze hisa zangu za Equity na KCB?
Ndugu, unauliza kama uuze hisa za benki hizi mbili za Kenya kwa hofu ya vita vya Goma, mashariki mwa Kongo, na ushuru wa Trump. Ule ushuru wa 10% wa Aprili 2025 kwa bidhaa za Kenya uliwabana kwanza wanaoshona nguo za kuuza Marekani. Benki ulizigusa kwa mbali. Kongo ndiko kwenye uzito. Equity ina benki ya huko iitwayo EquityBCDC, KCB ilinunua nyingine, TMB, mwishoni mwa 2022, na Goma ilipotekwa Januari 2025 benki za mji huo zilifunga milango. Hata hivyo makao makuu ya EquityBCDC na TMB yako Kinshasa na Lubumbashi, mbali sana na vita. Mimi huanza na mikopo isiyolipika kwenye ripoti ya robo mwaka, siasa baadaye. Kama pesa hizo ni za karo, basi uza tu.