Mashine ya boti ya farasi 40 inayochoka ukishafungua mafuta yote: usikubali ifunguliwe silinda kabla hujaangalia tangi na paipu

Mkuu nimekusoma mpaka mwisho. Mashine yako ni 40 ya zamani ya tustroku (ile ya kuchanganya oili kwenye petroli), silinda mbili, unavuta kamba mara moja au mbili inawaka, sailensa (ikiunguruma polepole kabla hujafungua mafuta) inakaa vizuri, ukitoka inakimbia dakika kumi hivi afu inaanza kulegea yenyewe na wewe hujagusa kitu, ukipunguza ukaiacha ipumue kidogo inarudi, ukifungua tena inalegea tena. Plagi umeshabadilisha zote mbili na bado, na fundi kakwambia ringi za pistoni zimeisha uandae hela afungue. Naomba sana usimpe hiyo kazi kwanza.

Fikiria hivi, ringi zilizoisha hazipumziki zikapona. Mashine yenye kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda) mbovu inakua mbovu toka asubuhi, inakua ngumu kuwaka, haina nguvu toka unaondoka ufukweni. Ya kwako inakufa na kufufuka, sasa kitu kinachokufa na kufufuka hivyo mara nyingi ni mafuta hayafiki ya kutosha. Kwenye sailensa inahitaji tone tu kwa hiyo hata njia ikiwa imebana huwezi kujua, ukifungua yote ndo inataka mafuta mengi kwa mfululizo, hapo ndo ubovu unajitokeza.

Haya nayajua kwa sababu yalitukuta. Mimi na mjomba tulikua tunabeba samaki wa barafu kutoka Kilindoni, Mafia, kwenda Nyamisati huku bara na Yamaha 40 iliyokua imeshapita mikono ya watu wawili kabla yetu. Ikaanza tabia hiyo hiyo. Fundi wa kwanza akauza kabureta, tukanunua, haikusaidia. Wa pili akasema koili, ile inayopeleka moto kwenye plagi, tukanunua na koili. Mwezi wa saba, kusi limekaza, tuko katikati ya mkondo na mawimbi yanatupiga ubavuni, mashine ikalegea mpaka boti ikawa haitii usukani, na mle ndani tulikua na mama mmoja na mtoto wake tuliowapa lifti. Nilishika lile yai la mpira la kwenye paipu ya mafuta, lile tunalobinya kabla ya kuwasha, nikakuta limenywea, limebapa kama chapati. Nikaanza kulibinya kwa nguvu, libinye liachie, libinye liachie, na mashine ikarudisha sauti yake. Nilibinya yai mpaka tukafika, vidole vilikua havifungi.

Kufika tukatoa paipu yote, nikaipasua kwa wembe kwa urefu. Kwa nje ilikua nzima, hata ufa hakuna. Ndani ngozi imebanduka na kujikunja kama ulimi. Kipande cha pili ambacho sijapasua nikakipuliza, pumzi inapita vizuri. Nikakinyonya, ikaziba pap. Sasa mashine haipulizi, inanyonya, ndo maana kila fundi aliyekua anapuliza paipu alikua anasema haina shida. Mashine yenyewe haikua na kosa lolote, na kabureta ya zamani tuliirudisha ikafanya kazi miaka mingine.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ambalo halina gharama, azima tangi na paipu ya jirani yako yenye kiungio cha aina yako, toka nayo ukimbie nusu saa. Ikikimbia bila kuchoka umeshamaliza, ubovu uko kwenye tangi lako au paipu yako. Kama hupati wa kukuazima nenda watu wawili, mmoja ashike usukani na ile kamba ya kuzimia aifunge mkononi, mwingine akae na yai, na ikianza kulegea tu aangalie yai likoje kabla ya kulibinya, maana hali ya yai ndo inakuambia.

Likiwa limenywea, kizuizi kiko kati ya yai na tangi. Anza na kile kiskurubu cha hewa juu ya kifuniko cha tangi, watu wengi wanakisahau kimefungwa au chumvi imekiziba, mafuta yanatoka hewa haiingii. Legeza kifuniko chote kidogo uone kama inarudi. Kikiwa sawa angalia kile kichujio cha mrija wa ndani ya tangi, afu paipu. Yai likiwa laini tu halijanywea na ukibinya mashine inapata nguvu, hapo ni hewa inaingia mahali, mara nyingi kwenye zile oringi (vipete vya mpira) za viungio, au pampu ya mafuta ya kwenye injini imechoka, dayaframu yake (ile ngozi nyembamba ya ndani) imekua ngumu. Ili kujua ni ipi, chomeka kipande cha mpira unaoonyesha ndani karibu na injini kwa ajili ya kupimia tu, ukiona mapovu yanapita kama soda basi ni hewa. Ukimaliza utoe, petroli inauharibu.

Yai likiwa gumu, limejaa, na bado inalegea, ndo sasa angalia kichujio kidogo cha kwenye injini na jeti (vitundu vya kupitishia petroli) za kabureta. Na sikiliza inavyolegea. Mafuta yakipungua inafifia polepole. Ikikosa moto silinda moja inakata ghafla, inatetemeka na sauti inakua nzito, huko ndo kwenye koili na waya. Propela ikiteleza kwenye bushi yake (mpira wa katikati yake) ni tofauti kabisa, injini inapiga kelele zaidi na boti haiendi.

Kitu kimoja kinaweza kukudanganya, joto. Pistoni ikipata joto sana inabana, ikipoa inaachia, inafanana sana na shida yako. Kwa hiyo angalia inakojoa vizuri muda wote, yaani yale maji ya kupoza yanayoruka nje, yakiwa dhaifu au ya moto sana badilisha impela ya pampu ya maji kabla ya jambo lingine lolote.

Na usiendelee kuikimbiza hivi hivi ukisema itafika tu. Kwenye tustroku oili inapita humo humo kwenye petroli, mafuta yakipungua na oili imepungua, silinda inakauka, hapo ndo utaharibu hizo ringi kweli. Wengine wanaongeza oili ili kuilinda, hiyo nayo siyo, kama kitabu chako kinasema 50 kwa 1 basi petroli lita 20 inataka oili mililita 400, ukizidisha unajaza masizi na petroli yenyewe inayoingia inapungua.

Fundi aking'ang'ania ringi mwambie apime kompresheni mbele yako, mashine ya moto, plagi zote mbili nje, mafuta yamefunguliwa yote. Silinda zikikaribiana na geji ikisoma vizuri, silinda zisiguswe.

Jaribu kesho bahari ikiwa imetulia, usiende mbali, beba kasia na nanga, afu rudi hapa uniambie yai lilikua limenywea, laini au gumu. Nitakujibu kuanzia hapo.