Aliyeingiza mihogo kwenye kompyuta
Umeuliza ni mtaalamu gani wa mimea aliyeleta kompyuta kwenye uainishaji, yaani kupanga mimea katika makundi. Mtafute David Rogers, Mmarekani aliyebobea kwenye mihogo. Mwaka 1960, yeye na Taffee Tanimoto, mwanahisabati wa kampuni ya kompyuta ya IBM, walichapisha programu yao kwenye jarida la Science. Unaorodhesha sifa, mfano jani limegawanyika mara ngapi au shina lina rangi gani, kisha unalinganisha mimea miwili miwili. Utamu uko kwenye kanuni inayobeba majina yao: sifa zisizolingana huhesabiwa mara mbili kwenye kigawanyo (namba ya chini). Zikilingana 8 kati ya 10, mbili zisizolingana zinahesabiwa nne, hivyo alama si 0.8, ni 8/12, kama 0.67 hivi. Kali kidogo! Peter Sneath wa Uingereza alishatangulia 1957, ila yeye alishughulika na bakteria.